Umeme ukikatika, nini kinabaki? Mwongozo wa kuchagua programu ya takwimu za Bayes

Malalamiko ya wasomaji wa Lubumbashi mwezi huu yamekuwa kama ya mtu mmoja. Wa Katuba aliacha modeli ikitembea tangu saa mbili ya usiku. Delestaji (mgao wa umeme) ikapita saa nane, na asubuhi hakukuta hata namba moja. Wa Kasapa, anayemalizia lisansi, alipoteza usiku tatu mfululizo kwa namna ileile. Wa Bel Air alimlipa fundi wa sekretaria ya umma (duka la huduma za kompyuta) amwekee "Stan kamili", mojawapo ya programu hizi, akarudishiwa kompyuta ambayo modeli ya kwanza tu inagoma. Wote watatu wanauliza swali moja: ningechagua programu gani?

Ulinganisho wa kawaida wa programu hizi huwa ni mashindano ya mbio: ipi inatoa sampuli nyingi kwa sekunde, ipi ina michoro mizuri, ipi inajua modeli nyingi. Hayo nayaacha. Karibu zote zilizo hapa chini zinaweza modeli ya ngazi (makundi ndani ya makundi), zote zina michoro ya kutosha, na zote ni bure isipokuwa pale nitakaposema. Kwetu kinachozitenganisha ni swali ambalo hakuna anayeliuliza kabla ya kutumia mega zake za intaneti: umeme ukikatika modeli ikiwa katikati ya safari, nini kinabaki kwenye diski?

Swali hilo ni zito kwa sababu ya namna kazi yenyewe inavyofanyika. Programu ya Bayes, inayotafuta majibu yote yanayowezekana na uzito wa kila moja, haipigi hesabu mara moja kama anayetafuta wastani. Inatembea. Kila mnyororo unaanza mahali fulani, unapiga hatua moja moja ndani ya majibu yanayowezekana, na kila hatua inaandikwa kuwa sampuli. Stan, usipoiagiza vingine, hutembeza minyororo 4, kila mmoja hatua 2000: 1000 za kupasha moto, ambazo hazihesabiwi, na 1000 za kuhifadhi. Katika kupasha moto ndimo programu inajifunza urefu wa hatua unaofaa na umbo la uwanja wenyewe, na elimu hiyo ndiyo ghali. Mnyororo ukikatwa kwenye hatua ya 1900 huku kila kitu kikiwa ndani ya RAM, umepoteza sampuli 900 na elimu yote, unaanza sifuri. Modeli ya dakika mbili haina shida. Lakini modeli ya wagonjwa wa malaria kwa wiki, yenye kiwango chake kwa kila zone ya afya (nchi yetu, Kongo, ina zone 519) na kwa kila kituo ndani ya zone, inaweza kula saa sita hadi kumi kwenye kompyuta ya kawaida. Saa kumi za umeme usiopepesa, hapa, unazipata lini?

Ya kwanza: brms, kupitia mlango wa CmdStanR

Hii ndiyo niipendayo na sifichi. brms, kazi ya Paul-Christian Bürkner, ni pakeji ya R (lugha ya kompyuta ya takwimu) inayokuachia uandike modeli kwa mstari mmoja, kwa mfano visa ~ mvua + (1 | zone), kisha yenyewe inakuandikia msimbo wa Stan. Stan ndiyo injini: imeandikwa kwa C++, toleo lake la kwanza lilitoka 2012, na jina ni la mwanahisabati Stanislaw Ulam. Kati ya brms na injini hiyo kuna milango miwili, na wengi wanaingia kwa mmoja bila kujua kwamba upo mwingine. Mlango wa RStan unakuja wenyewe ukiweka brms. Huo unaendesha Stan ndani ya R. Sampuli zinakaa kwenye RAM, na R ikifa zinakufa nayo. Mlango wa CmdStanR unaendesha Stan pembeni, kama programu inayojitegemea, na kila mnyororo una faili yake ya CSV inayoandikwa mstari kwa mstari wakati modeli bado inatembea. Karibu kila hatua iliyokamilika baada ya kupasha moto iko tayari kwenye faili.

Kasoro ni kwamba faili hizo, usipoagiza vingine, zinawekwa kwenye folda ya muda ya R. Ukifunga R, folda inafutwa. Kwenye Linux, /tmp mara nyingi inasafishwa kompyuta inapowashwa upya, yaani wakati uleule unapozihitaji. Mwenye CmdStanR asiyejua hili hana tofauti kubwa na mwenye RStan. Dawa ni mistari miwili. Tengeneza kwanza folda C:/stan, na ndani yake sampuli na modeli, kisha andika haya kwenye faili yako ya .Rprofile:

options(cmdstanr_output_dir = "C:/stan/sampuli")
options(cmdstanr_write_stan_file_dir = "C:/stan/modeli")

Mstari wa kwanza unazitoa sampuli kwenye folda ya muda. Wa pili unahifadhi msimbo wa Stan pamoja na programu iliyokwisha kukompailiwa (kugeuzwa kuwa lugha ya mashine), ili kesho usisubiri kukompaili upya modeli ileile. Kwenye kompyuta dhaifu, kukompaili kunachukua dakika nzima au zaidi, na kila dakika ya umeme ina thamani. Katika amri ya brm usisahau kuandika backend = "cmdstanr", la sivyo unarudi kwenye mlango wa RStan na mistari yako miwili haifanyi lolote. Weka pia cores = 4, minyororo minne itembee pamoja; usipoandika, inafuatana mmoja mmoja.

Umeme ukirudi, usiwashe modeli tena kwa haraka. Nakili kwanza faili zote nne mahali pengine. Fungua moja kwa Notepad, utafute maneno "Adaptation terminated". Yakiwepo, kupasha moto kuliisha, na mistari inayofuata inakuonyesha urefu wa hatua na orodha ndefu ya namba: hiyo ndiyo ile elimu ghali, imeandikwa mbele yako. Yasipokuwepo, mnyororo huo hauna kitu, anza upya. Kisha soma kila faili kwa read.csv ukiweka comment.char = "#", na utupe mstari wa mwisho, kwa maana huenda ulikatwa katikati ya namba. Ipunguze minyororo yote ilingane na ule mfupi kuliko wote. Sasa pima kwa pakeji ya posterior: R-hat, kipimo cha kama minyororo imekubaliana, iwe chini ya 1.01 kwa kila kigezo, na sampuli zenye uzito halisi, ile ess_bulk na ess_tail, zisipungue 400 kwa minyororo minne kwa pamoja. Minyororo iliyokatwa kwenye hatua ya 600 ya kuhifadhi inakupa sampuli 2400, na mara nyingi hizo zinatosha kabisa. Anayetupa sampuli 2400 nzuri kwa sababu tu hazikufika 4000 anatupa umeme wa watu.

Angalia majina ya safu: ndani ya CSV, brms inatumia majina ya ndani. b.1 ni kigezo cha kwanza kwa mpangilio uliouandika kwenye modeli, b.2 ni cha pili, na b_Intercept ndicho kiwango cha msingi unachokijua. Usichukue safu ya Intercept tupu: hiyo ni ya data zilizosogezwa hadi kwenye wastani wake, na watu wameshaiandika kwenye TFC (kazi ya mwisho ya masomo) kama jibu.

Sampuli zisipotosha, endelea pale ulipoishia. Chukua msimbo na data za brms kwa stancode na standata, uviendeshe moja kwa moja na CmdStanR: step_size na inv_metric zitoke kwenye faili iliyokatwa, adapt_engaged = FALSE, iter_warmup = 0, na init iwe thamani za mstari wa mwisho uliokamilika. Kupasha moto hakurudiwi. Weka seed mpya (namba inayoanzisha bahati nasibu), tofauti na ya kwanza.

Kuna njia nyingine kwa mwenye kompyuta ya kore mbili, au anayejua kwamba mtaa wake unapewa umeme saa tatu kwa siku. Endesha mnyororo mmoja mmoja. Anza na chains = 0 ili kukompaili tu; halafu kwa update endesha chains = 1 mara nne, kila mara seed yake na file yake, na mwisho uziunganishe kwa combine_models. Mnyororo ulioisha uko salama ndani ya .rds, hata delestaji ipite mara tatu. Ila hoja ya file ina mtego: kawaida yake, brms ikikuta faili yenye jina hilo, inaisoma bila kuuliza, hata kama umebadilisha data au modeli. Unasahihisha kosa kwenye data, unaendesha upya, jibu linakuja kwa sekunde moja, unafurahi, kumbe ni jibu la jana. Weka file_refit = "on_change" daima.

Kuiweka kwenye Windows ndiko kulikomshinda yule fundi wa sekretaria, na sababu karibu zote ni nne. Rtools, zana za kukompaili kwenye Windows, lazima ilingane na R: R 4.3 inataka Rtools43, R 4.4 inataka Rtools44, huwezi kuchanganya. Rtools yenyewe ni zaidi ya megabaiti 400 kupakua na karibu GB 3 ikishafunguka kwenye diski. Sababu ya pili ni jina la mtumiaji. Kompyuta nyingi zetu zina Windows ya Kifaransa na jina kama "Mère Hélène", lenye nafasi na alama za juu. CmdStan, yaani ile Stan inayojitegemea, inajiweka ndani ya folda ya mtumiaji, na zana ya make inakwama kwenye nafasi na herufi hizo. Onyo linalotoka halitaji jina lako hata kidogo, linasema tu faili haipatikani, ndiyo maana watu wanapakua upya mara tatu. Iweke nje ya hapo kwa dir = "C:/cmdstan" ndani ya install_cmdstan. Ya tatu ni muunganisho unaokatika katikati ya kupakua. Pakua faili ya tar.gz ya CmdStan pembeni kwa amri ya curl, ambayo imo tayari ndani ya Windows 10, ukiweka -L -C - -O ili iendelee pale ilipokatikia. Kisha mpe install_cmdstan njia ya faili hiyo kwa release_file. Ya nne ni RAM. Kwenye GB 4 funga kivinjari kabla ya kukompaili, na weka cores = 1 wakati wa kuweka CmdStan. GB 8 inatosha kwa raha.

Anayeandika Python asihame. Atumie CmdStanPy: injini ileile, faili zilezile za CSV, na output_dir ileile ya kujaza.

Ya pili: JAGS, kwa rjags

Wengi watashangaa kuikuta hapa juu, programu ya mwaka 2007 ambayo vijana wanaiita ya wazee. Lakini kwa swali letu, JAGS ya Martyn Plummer ndiyo peke yake kati ya hizi tatu za mbele inayokupa hali ya mnyororo mkononi kwa amri moja. Andika kitanzi: sampuli 1000 kwa coda.samples, saveRDS, 1000 nyingine, saveRDS. Mwisho wa kila duru hifadhi pia state ya modeli ukiweka internal = TRUE; inachukua thamani za vigezo pamoja na hali ya jenereta ya namba nasibu. Umeme ukirudi, hali hiyo unaipa jags.model kama inits na safari inaendelea, isipokuwa n.adapt, hatua za JAGS kujirekebisha, inarudiwa kwa muda mfupi. Hasara yako ni duru moja tu.

Haihitaji kompaila, haihitaji Rtools, na kuipakua ni kazi ya dakika chache. Inajua vigezo vya namba kamili, ambavyo Stan haivikubali mpaka uvijumlishe kwa mkono. Kwa hiyo modeli ya kukadiria idadi ya wanyama wanaojificha, au ugonjwa usioonekana kwenye kipimo, ni rahisi zaidi kuiandika humu. Udhaifu wake ni mwendo. Vigezo vikishikana, kama kiwango cha zone na mtawanyiko wa zone, inatembea kwa hatua za kobe na utahitaji sampuli 50,000 pale ambapo Stan ingetosheka na 4000.

Ukihamisha modeli kati ya JAGS na Stan, shika hili kwa mikono miwili: JAGS haipokei mkengeuko sanifu, inapokea usahihi, yaani 1 ikigawanywa kwa mkengeuko uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. dnorm(0, 0.001) ya JAGS ni mgawanyo mpana wenye mkengeuko wa karibu 31.6. Ukinakili namba hizohizo kwenda Stan, umepigilia kigezo chako msumari kwenye sifuri: modeli itaisha vizuri, R-hat safi, na utatangaza kwamba mvua haihusiani na malaria.

WinBUGS, baba wa ukoo huu, toleo lake la mwisho ni 1.4.3 la 2007. Fundi akikuletea, mrudishie.

Ya tatu: R-INLA, kwa wenye ramani

Hii inajibu swali letu kwa njia tofauti: inamaliza kabla umeme haujakatika. Haitembezi minyororo. Inakadiria mgawanyo wa majibu kwa hesabu za Laplace, mbinu iliyotolewa na Håvard Rue na wenzake mwaka 2009, na modeli ya ramani ya ugonjwa kwa zone za afya zenye kupakana, ambayo Stan ingeifanyia kazi kwa saa nyingi, mara nyingi huisha kwa sekunde au dakika chache. Kama kazi yako ni ya ramani, ya vituo vya hali ya hewa au ya mavuno kwa eneo, anza hapa, wala usisubiri nafasi ya kwanza na ya pili.

Imekuwa ya tatu kwa sababu mlango wake ni mwembamba. Modeli lazima iwe ya kundi moja lenye sehemu za siri zinazofuata mgawanyo wa kawaida. Ukitoka nje ya kundi hilo, hakuna njia rahisi. Haipo kwenye hazina kuu ya R, lazima uonyeshe anwani ya hazina yake mwenyewe, na hapo ndipo install.packages ya kawaida inakujibu kwamba pakeji haipo. Mgawanyo wake wa awali kwa mitawanyiko unaandikwa kwa logariti ya usahihi, tumia pc.prec, useme tu kwa mfano kwamba uwezekano wa mkengeuko kuzidi 1 ni 0.01, utaelewana nayo.

Nyingine, kwa ufupi

rstanarm ni ndugu wa brms mwenye modeli zilizokwisha kukompailiwa. Kwenye Windows huhitaji Rtools wala chochote, na stan_glmer inaanza kutembea papo hapo. Ni nzuri kwa mwanafunzi mwenye data ndogo. Lakini iko ndani ya mlango wa RStan, na umeme ukikatika inabaki na mikono mitupu. Modeli ikizidi dakika kumi, hamia brms.

PyMC, ya Python, ni programu nzuri mno kwa mwenye umeme. Inaandikika vizuri, Bambi inaipa lugha fupi kama ya brms, na watu wake wanasaidia. Kwa kawaida yake inashika sampuli zote kwenye RAM mpaka mwisho, ndipo wewe unaziandika kwa to_netcdf. Ukiisimamisha mwenyewe kwa Ctrl na C inakurudishia ilichofikia. Delestaji haibonyezi Ctrl na C. Kuiweka pia ni gharama: ukifuata njia ya Anaconda nzima unakaribia GB 1 kwa faili moja tu, ilhali Miniforge ni sehemu ndogo ya hiyo na inakufikisha palepale.

Turing, ya lugha ya Julia, inajua kuhifadhi hali na kuendelea, lakini mega inazokula kabla hujaandika mstari wa kwanza zinanikatisha tamaa kuipendekeza hapa. NIMBLE ni kwa anayejua JAGS na anataka kwenda mbali zaidi, inahitaji kompaila.

JASP: ya kubofya, bure, nzuri kwa kufundishia, basi. Daftari za bure za mtandaoni zinataka muunganisho usiokatika na zinakufunga zikitaka. Stata inaweza Bayes tangu toleo la 14, ila ni ya kulipia, na sampuli inakupa mwisho wa safari kama wengine.

Wauzaji

Hapa inabidi kusema wazi, kwa sababu watu wanaumizwa. Stan ni bure. brms ni bure. JAGS, INLA, PyMC, JASP, zote ni bure, na leseni zake zinakuruhusu kuzinakili kwa flashi na kumpa jirani. Anayekuuzia "leseni ya Stan ya mwaka mmoja" anakuuzia hewa. Kumlipa fundi kwa muda wake na mega zake ni haki, na kazi hii inastahili malipo. Lakini mtu anayeweka R 3.6 kutoka flashi ya miaka mingi iliyopita, kwa sababu hataki kutumia mega mpya, kisha anadai bei kamili, huyo hakufanya kazi. brms ya leo haiwekeki vizuri kwenye R hiyo, na mwenye kompyuta atalijua hilo nyumbani, usiku, wakati duka limefungwa. Na SPSS (programu ya takwimu ya kulipia) za wizi zinazouzwa kando ya barabara, zikiwa na virusi ndani, zimeshakula TFC za watu wengi kuliko delestaji.

Mega zenyewe zina uchungu wake. Kifurushi cha siku moja kinachokufa usiku wa manane hakimfai mtu anayepakua Rtools kwa muunganisho wa taratibu: unafika asilimia 80, saa inagonga, na kilichobaki kinafutwa pamoja na fedha yako. Kwa nini mega nilizozilipia ziwe na tarehe ya kufa? Hakuna aliyewahi kunipa jibu la maana. Dawa iliyopo ni kushirikiana. Mtu mmoja mwenye muunganisho mzuri apakue R, Rtools inayolingana, tar.gz ya CmdStan, na pakeji zote. Kwa pakeji, package_dependencies ikiwa na recursive = TRUE inatoa orodha nzima ya zile ambazo brms inazitegemea; download.packages yenye type = "win.binary" inazichukua, write_PACKAGES inaigeuza folda kuwa hazina ndogo. CmdStanR haiko kwenye hazina kuu ya R, inachukuliwa kutoka hazina ya stan-dev kwenye R-universe, basi isisahauliwe. Hapo flashi moja inatosha darasa zima, mradi wote wawe na R ya namba ileile: pakeji za R 4.3 usizipe R 4.4.

Na wauzaji wa kompyuta za mitumba. Unaambiwa "betri ni nzima, Mama, inashika saa nne". Usibishane. Fungua dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, na ufungue ukurasa unaotengenezwa. Utaona namba mbili: uwezo ambao betri iliundwa nao, na uwezo unaojaa leo. Ya kwanza ikiwa 48,000 na ya pili 14,000, umebaki na chini ya theluthi moja, na bei ishuke vivyo hivyo. Betri ni sehemu ya programu ya Bayes kwa Lubumbashi, nalisema kwa uzito wote. Ukiwa nayo hata ya nusu saa, ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows na uagize kwamba ikifika kiwango cha hatari kompyuta ifanye hibernate, siyo kuzimika. Hibernate inaandika RAM yote kwenye diski; umeme ukirudi, R inafunguka ilipokuwa na minyororo inaendelea kutembea, hata ya PyMC, hata ya RStan. Kama chaguo hilo halionekani, powercfg /hibernate on, ukiwa msimamizi, inalileta. Hakikisha diski ina nafasi ya kutosha.

Jambo la mwisho ni kwa anayemlipa fundi. Usikubali kuonyeshwa alama ya R kwenye skrini ukaondoka. Mwambie hivi, kwa heshima: ndugu, endesha modeli ndogo ya brms kwa backend ya cmdstanr, weka cores = 4 ili minyororo minne itembee pamoja, na iter = 200000 ili ichukue muda. Subiri mpaka iandike kwamba yote minne imeingia kwenye kuhifadhi. Toa betri kama inatoka, chomoa waya. Kama haitoki, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka ife. Washa tena. Fungua C:/stan/sampuli. Faili nne zikiwepo na zina namba ndani, mlipe.